Kinachozaa Kaa

Muuguzi wa dispensari ya Albertville hakuwahi kumpa mgonjwa habari nzito akiwa amesimama. Alivuta kiti mpaka magoti yakaribiane, akajifuta mikono kwenye koti lake jeupe hata kama ilikuwa mikavu, ndipo sauti yake nene iliposhuka kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Mama Virginie, aliyekuja na kidonda cha mdomo kisichopona, alitazama zaidi vidole vya muuguzi: vilikuwa vya manjano nchani, na havikutulia.

“Docteur anasema tumbako ya kiko yako njo kanserijeni,” muuguzi alimwambia. “Neno ya Wagreki wa zamani. Kansa njo kaa, ule wa ku mawe ya ziwa. Jeni njo kuzala. Kitu yenye kuzala kaa.”

“Kaa mu mudomo, Papa?” Mama Virginie alimuuliza muuguzi.

“Wale Wagreki waliona uvimbe, mishipa imetanda pembeni kama miguu.” Mkono wake ukatembea mezani ubavu-ubavu, ukielekea kwenye kiko cha Mama kilicholala hapo. “Kidonda yako, hatujue bado kama njo yeye. Lakini tusimulishe huyo kaa na tumbako.”

Mama Virginie akaunasa ule mkono kwa kiganja, kama walivyonasa kaa utotoni, akauinua mpaka puani. Ulinukia sabuni, na chini ya sabuni, sigara.

“Na huyu, anakula nini?”

Muuguzi akacheka kimya, mabega yakitikisika. Kisha mkono wa pili ukaingia mfukoni, ukatoa pakiti ya sigara, ukailaza kando ya kiko.

“Tuache vyote hapa, Mama,” alisema. “Ila usiachilie kwanza mukono yangu.”