Hema Lililobaki Gerezani

Mwaka 2015, mwanzoni mwa masika, nilipokuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mume wangu alipeleka hema lake kutiwa viraka katika duka tulilolipenda kuliko yote Kariakoo, upande wa Gerezani. Duka hilo liliuza vifaa vya majeshi ya ng'ambo: buti, vibuyu vya maji vya bati, mabegi ya mgongoni, mahema. Nguo za mabaka hazikutundikwa pale, kwa kuwa raia haruhusiwi kuzivaa. Mwenye duka, mzee wa asili ya Kiarabu, alizitenga kila belo lilipofunguliwa.

Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Alilala katika hema lile porini kwa miaka kumi na tisa, na mwaka 2003 alinichukua, tukalala humo siku nne. Sikuwa na kumbukumbu nyingine yake niliyoitaka zaidi.

Mzee hakuandika stakabadhi. Alichana kipande cha turubai katikati: nusu aliifunga kwenye mzigo, nusu alimpa mteja. Aliyeleta nusu iliyooana na mwenzake ndiye aliyekabidhiwa.

Tarehe 6 Aprili mume wangu alifariki. Siku ya tatu niligawa nguo zake kwa waliomwosha, kama ilivyo desturi kwetu. Sikupekua mifuko. Nusu yetu ilikwenda na suruali, na aliyepewa suruali hiyo aliiona taka, akaitupa.

Alhamisi, 13 Agosti, nikiwa nimetoka eda, nilikwenda dukani. Nilimkuta mdogo wa marehemu ameegemea kaunta.

“Ami, mimi ni damu yake. Nipe hema nikaliuze. Shemeji atalifanyia nini, aanikie mpunga?”

“Damu yako naiona. Kipande sikioni.”

“Kwani hili ni duka au kambi?”

“Kambi. Na wewe huna kibali.”

Nilicheka, kisha nikamwamkia mzee.

“Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Umekuja na kipande?”

Nilimweleza. Alipangusa buti lisilokuwa na vumbi.

“Basi hata wewe siwezi. Nikikupa kwa huruma, kesho nitampa huyu kwa kelele. Leta hati ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Hiyo nitaipokea.”

Niliumia, lakini sikubisha. Kanuni iliyonilindia hema miezi minne ndiyo iliyonizuia.

Nilifungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Shemeji aliweka pingamizi, akidai kwamba mwanamke aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mmoja hawezi kusimamia mali. Hakimu alinipa orodha ya mali niisome kwa sauti. Nilipofika kwenye hema, niliongeza idadi ya viraka na siku lilipopelekwa kushonwa. Shemeji aliulizwa lina rangi gani.

“Kijani,” alijibu upesi. “Si la jeshi?”

Lilikuwa la kahawia, rangi ya mchanga.

Jumanne, 17 Novemba 2015, saa tano asubuhi, pingamizi lilitupwa na hati ikatiwa saini kwa jina langu. Niliikunja mara moja tu, nikashika njia ya Gerezani.