Kanga Iliyokunjwa Juu ya Mshono

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nasukuma sahani pembeni. Nilitoka kwetu, kijiji jirani na Kolandoto, bila kujua niendako. Mke wangu Kabula alikuwa na siku tano tangu ajifungue kwa upasuaji. Mama yangu alikuwa amechemsha maji amkande tumbo, kama wanavyokandwa wazazi wote kwetu, na Kabula analia, anakataa.

"Mayu wee, mwanamke wee," mama akamwambia, "mtoto hukumsukuma, na maji nayo unayaogopa?"

Nikacheka. Nikaongeza, "Wenzako siku ya tano wako kisimani." Kabula akageukia ukutani.

Kilio kile kilinishinda, nikachukua begi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini njia sikuwahi kuiogopa. Lori lilinifikisha Kahama, nikapata chumba kwenye nyumba ya wapangaji.

Jirani yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mkewe naye katoka kujifungua kwa kupasuliwa. Mimi kwa udadisi ndiye mwenyewe, nikawa nawatazama pale uani. Mwanamke akitaka kukohoa, mume humpa kanga iliyokunjwa aikandamize taratibu juu ya mshono. Akitaka kuinuka, humsaidia kulala ubavu kwanza. Dawa alizoandikiwa alimpa kwa saa zake, hangoji mpaka alie.

"Kwani ninyi hamkandi?" nikauliza. "Kwetu wangu anakandwa. Leo siku ya sita."

"Mshono ukandwe? Ukifumuka utaushona kwa sindano ya magunia?" Kisha yule mchimbaji akanitazama. "Siku ya sita, na wewe uko hapa?"

Kesho yake nikarudi. Nikakuta kitanda kitupu. Mama alikuwa amemkanda, mshono ukafunguka, kaka zake Kabula wakamkimbiza hospitali. Alipona, mwanangu, ila yeye na mtoto hawakurudi kwangu. Nimezunguka migodi ya Geita miaka mingi, na mpaka leo nikisikia mwanamke anakohoa chumba cha pili, mkono wangu hutafuta kanga.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nami nilidhani aliyejifungua kwa kupasuliwa hayumo. Mkeo akipasuliwa, muulize nesi, usiwaulize wanaocheka. Ndoo beba wewe. Tumbo lake asilikande mtu. Mshono ukitoa usaha au homa ikipanda, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Akisema inauma, mwamini.

Mungu akujalie nyumba ambayo anayeumia haoni haya kulia, na akulilie wewe ukiwa karibu.