Nne kwa Sita

Mwalimu Revelian alifika karakanani mwezi wa Mei, mwaka sabini na nne, na karatasi iliyokunjwa mara nyingi mfukoni. Akaikunjua juu ya meza ya kazi, akailaza kwa viganja viwili. Ilikuwa picha ya ubao wa goli la mpira wa kikapu, vipimo vimeandikwa pembeni.

"Kimo futi nne," alisoma. "Upana futi sita."

Alfonsi akacheka. Siku zile alikuwa bado anacheka. "Nne kwa sita? Mwalimu, hicho ni kitanda. Unataka watoto wacheze au walale?"

Mkewe Filomena, aliyekuwa ameleta chakula cha mchana na sasa anangoja sahani, akadakia kutoka mlangoni: "Si umtundikie kile chetu! Mie nitalala chini, mgongo unyooke."

Wakacheka wote watatu, na Sadallah, fundi wa karakana ya jirani, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya mabati kwamba wanaocheka saa za kazi wapelekwe kijiji cha Ujamaa wakalime pamba.

Alfonsi alikuwa seremala wa Keko. Alizaliwa Newala, kule juu ambako maji hufuatwa bondeni, akashuka pwani angali kijana, akakata mkonge Lindi misimu miwili, kisha akaufuata mji. Baba yake alikuwa mchonga vinyago. Yeye alichagua milango na vitanda kwa sababu, alisema, kinyago hakimlazi mtu. Kitanda chake cha kwanza cha maana alikiunda mwaka aliomwoa Filomena: mvule mtupu, nne kwa sita. Watu wengine walilalia kamba. Filomena alikuwa na mgongo mbovu tangu usichana, mgongo wa kubeba maji ya Newala, kwa hiyo mumewe akamtandikia mbao sita, kila moja inchi nane, zimebanana hata sindano haipiti. Alfajiri Filomena alizigonga kwa kisigino, mara mbili, kumwamsha. Hivyo kwa miaka kumi na minane.

Timu ilikuwa ya wasichana, vijana wa Temeke. Rosalia, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka kumi na sita na mrefu kuliko wote. Walifanyia mazoezi katika uwanja wa shule ya Mwalimu Revelian, wenye goli moja; ubao wa goli la pili ulikuwa umeliwa na mchwa. Sasa walikuwa wamepewa mashindano ya Saba Saba, timu nne, Jumamosi na Jumapili, kwa sharti kwamba magoli yawe mawili. Lisipokuwapo la pili, mashindano yanahamia Kinondoni. Tawi la chama likahangaikia kibali cha mbao, na mbao sita za mninga zikaletwa kwa mkokoteni, kila moja futi sita kwa inchi nane.

Rosalia alikuja na penseli na rula ya shule. Baba yake akazipanga mbao sakafuni zikigusana, naye akapiga magoti, akachora katikati ule mstatili mdogo ambao mchezaji huulenga ili mpira ugonge, ushuke kikapuni. Alfonsi alisema ataupaka rangi akishaziunganisha mbao.

Hakuziunganisha. Katikati ya Juni Filomena alishikwa na homa siku ya Jumapili. Jumatano alfajiri akafariki.

Adhuhuri ile Alfonsi alikuwa karakanani peke yake. Mbao nyingine hazikuwapo, wala mtaani hazikuwapo. Mwezi mzima mafundi walikuwa wakitengeneza viti vya zamani. Alizitazama zile sita. Mbili za chini, mbili za juu, mbili za ubavuni. Vipande vya kichwani na miguuni alivipata kwenye masazo. Zilitosha kamili. Filomena alikuwa mfupi, futi tano na kidogo, lakini hakuzikata. Makaburini mtu mmoja alinong'ona kwamba jeneza ni refu. Alfonsi alimsikia, akaona ni kweli.

Hakulia. Watu walimngoja alie siku ya kwanza, wakamngoja siku ya tatu, kisha wakachukua majamvi yao wakaenda. Ndani yake palikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: unaona upo, unaushika kwa mkono, lakini si wako.

Wiki tatu zikapita.

"Baba, unga umekwisha."

"Haya."

"Wametoa ule wa njano."

"Haya."

Jumatano ya wiki ya mashindano Mwalimu Revelian alikuja tena. Alivua kofia kabla hajaingia.

"Shikamoo, Mzee Alfonsi."

"Marahaba, Mwalimu."

"Pole tena, mzee."

"Tumeshapoa."

"Nisingekuja kukusumbua. Ila Jumamosi ndiyo hiyo. Ubao wetu umefikia wapi?"

Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache, na Mwalimu alikuwa mtu mwema. Alfonsi aliyatafuta, akayaona mahali pake, lakini mkono haukwenda kuyachukua.

"Upo," alisema.

"Uko tayari?"

"Ijumaa jioni njooni na ngazi."

Mwalimu aliondoka akishukuru mpaka njiani. Alfonsi akarudi kwenye kiti alichokuwa akikitia miguu.

Kesho yake, akipigilia msumari, nyundo ilitua juu ya kidole gumba. Damu ikachuruzika chini ya ukucha, naye akaitazama inavyoangukia kwenye maranda. Aliyeshtuka ni Sadallah, ambaye alikuwa amekuja kuazima patasi.

"We Alfonsi! Umejiponda!"

"Naona."

"Unaona tu? Hata tusi moja, mwenzangu?"

"Hakiumi."

Sadallah akaondoka bila patasi.

Ijumaa asubuhi, Rosalia alipokwenda kwenye foleni ya unga, Alfonsi aliingia chumbani na nyundo. Aliviringisha godoro la sufi akaliegemeza ukutani. Mbao sita zilikuwa pale, upande mmoja umelainika kuliko mwingine. Akazing'oa moja moja. Zilitoka zikilia kama zilivyokuwa zikilia mtu akijigeuza. Akazibeba mbili mbili hadi karakanani, akazipiga randa upande mmoja, akaziunganisha kwa papi tatu za nyuma, vipande vyembamba vya masazo. Hakuhitaji kupima. Mikono ilikuwa inafanya kazi na yeye anaitazama, kama anavyotazamwa fundi mwingine.

Saa sita hivi kivuli kikaangukia ubao. Rosalia alikuwa amesimama mlangoni. Unga hakuwa nao; aliuacha nyumbani. Kwa hiyo alikuwa amefika nyumbani, na alikuwa ameona kitanda.

Alfonsi alingoja aulizwe.

Rosalia alichukua penseli mezani, akachukua rula, akapiga magoti. "Futi mbili kwa moja na nusu," alijisemea. Akachora mstari wa chini. Kisha, bila kuinua uso: "Ule wa kwanza ulikwenda na mama."

"Uliuona?"

"Ubavu wa kushoto. Pembe moja ya penseli. Mie nilisimama upande ule."

"Hukusema."

"Na wewe hukusema, baba."

Akachora mistari mitatu iliyobaki. Alibana ulimi kwa meno, kama alivyofanya tangu utotoni akiandika.

"Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia?"

Alfonsi alikoroga rangi nyeupe iliyokuwa haihitaji tena kukorogwa. "Sijui," alisema.

"Haya, shika huko," akasema Rosalia, "tuugeuze."

Jioni vijana walikuja na ngazi, wakaubeba kichwani wakiimba. Jumamosi mchana mpira wa kwanza uligonga, na ubao ukashika. Wasichana wa Temeke walicheza mechi mbili, wakashinda zote mbili, na watu wakaanza kuulizana ni nani yule mrefu. Jumapili, Saba Saba yenyewe, wakaingia fainali na Kinondoni. Uwanja ulijaa. Wengine walikuwa wamepanda kuta za madarasa. Alfonsi alipewa kiti mbele, karibu na meza ya mtunza saa, akakaa na mikono magotini. Sadallah alikaa chini, pembeni yake.

Kipindi cha kwanza Temeke waliongoza kwa pointi sita. Wasichana walipokwenda kunyonya machungwa, Katibu wa tawi alisimama na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nani asiyejua shida ya mbao mwaka huu? Lakini mbao sita za tawi zilitiwa mikononi mwa mtu mmoja, na leo zile pale juu! Hesabuni wenyewe! Haikupungua hata moja! Ndugu Alfonsi, simama. Waambie vijana neno."

Makofi yakapigwa. Alfonsi akasimama. Alimwona Rosalia, ukingoni mwa uwanja, ameondoa chungwa mdomoni.

"Zile si mbao za tawi," alisema. Hakupewa kipaza sauti, lakini walimsikia. "Za tawi nilimzikia mke wangu. Zile ni za kitanda chetu."

Akaketi.

Katibu aliteremsha kipaza sauti taratibu mpaka kikagusa suruali. Mwalimu Revelian alitazama ubao, akatazama viatu vyake, akatazama ubao tena. Ukutani mtoto mmoja aliuliza kitu, akanyamazishwa. Refa, ambaye hakuwa na jingine la kufanya, akapuliza filimbi.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana magoli, na Temeke sasa walikuwa wakishambulia ule ubao. Nahodha wao, Mwamvita, binti wa muuza mkaa, alikuwa hodari wa kugongesha mpira ubaoni. Alichomoka na mpira, akafika chini ya goli, akainua mikono. Akautazama ubao. Kisha akaurusha mpira polepole, moja kwa moja kwenye pete, kama mtu anayemwekea mgonjwa kikombe. Mpira ukatoka nje.

Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu vilevile. Hakuna aliyegongesha. Kinondoni, walioshambulia goli lile jingine, hawakuwa na kizuizi chochote. Walisawazisha, wakapita, wakaongeza.

"Mnaubembeleza?" mtu alipiga kelele. "Gonga ubao!"

"Nyamaza we! Hukusikia alivyosema?"

"Nimesikia. Lakini tunafungwa!"

"Mwamvita!" Rosalia aliita, akihema. "Tumia ubao!"

"Siwezi, shoga. Kitanda cha mama yako kile!"

"Nami si ndiye ninayekwambia?"

"Siwezi!"

Alfonsi alisikia yote. Alimwona binti yake amesimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia, na wenzake wanne wamemzunguka hawajui waende wapi. Walikuwa wameungoja uwanja huu muda mrefu. Sasa wanafungwa kwa pointi saba, kwa adabu.

Akajikuta yuko wima.

"Gongeni!" Sauti ilitoka na kutu. Akasafisha koo. "Mwenyewe alisema kitundikwe! Alisema mbele ya Mwalimu! Gongeni!"

Watu wakamgeukia Mwalimu Revelian. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, mara moja, mara ya pili, kisha akaivaa kofia yake mpaka machoni.

Rosalia akaomba mpira. Akaudunda mara mbili, akaruka, akaupiga ndani kabisa ya ule mstatili mweupe. Mvule hauna mlio mwingi. Ni mlio mzito, wa chini, unaokwisha upesi. Mpira ukashuka kikapuni. Punde Mwamvita naye akapata nafasi, akafumba macho, akagongesha.

Mara mbili.

Alfonsi alikuwa bado amesimama. Alisimama mpaka filimbi ya mwisho, na ubao uligongwa tena na tena, sasa bila huruma, misumari ikashika, papi zikashika. Sadallah alikuwa amemshika ukingo wa shati, kama anayemzuia mtu asianguke kisimani.

Kinondoni walishinda kwa pointi moja.

Kombe lilikwenda, watu wakalifuata. Katibu alipita, akasimama mbele ya Alfonsi, akampa mkono. Mwalimu Revelian alibaki.

"Mzee, kesho nitakuja na vijana tuushushe. Tukurudishie."

"Uacheni hapo."

"Utalalia nini?"

"Wana mashindano mengine hawa," alisema Alfonsi. "Uacheni. Ila muupake rangi na mgongoni, mvua isiuharibu."

Rosalia alikuja akichechemea, goti limechunika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akachuchumaa mbele ya kiti cha baba yake. Alikuwa anataka kusema jambo kuhusu ile pointi moja, lakini akaona mkono.

"Baba, kidole hiki."

Alfonsi akakitazama. Kilikuwa kimevimba, ukucha mweusi, na ndani yake kitu kilikuwa kinapiga, kinapiga, kinapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Kinauma?"

Midomo ilikuwa inamtetemeka, naye hakujua aizuie vipi.

"Kinauma," alisema. "Mwanangu, kinauma sana."

Sadallah aliinuka bila kuambiwa, akaenda kutafuta maji.