Springi za Bwana Mashimo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa springi za magari, na kwa miaka kumi na minne mashimo ya barabara yetu ndiyo yaliyomlisha. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Watu walimwita Bwana Mashimo, naye akaitika.

Wenye magari ni wabishi. Springi ikivunjika baada ya wiki mbili, mtu anarudi amevimba, eti umemfungia kifaa kibovu. Kwa hiyo shemeji alijiwekea utaratibu: kila springi iliyovunjika aliiandika kwa rangi nyeupe tarehe na mahali ilipovunjikia. "Darajani." "Mbele ya zahanati." Kisha akaitundika ukutani. Mbishi akija anaonyeshwa nyingine kumi za shimo lile lile, analipia mpya.

Mwaka jana madereva walichoka. Katika kila lita ya mafuta wanakatwa tozo ya barabara, na barabara yenyewe ndiyo ile. Wakamwita mhandisi wa barabara kwenye ukumbi wa shule. Akaja na faili lake, mpole kabisa, akasoma kwamba barabara yetu ilikarabatiwa yote miaka miwili nyuma, tozo ikatumika, kazi ikapokelewa. Madereva walipiga kelele, lakini hakuna aliyekuwa na ushahidi. Kikao kikaahirishwa hadi kesho yake.

Jioni dada alimkuta mumewe akishusha springi ukutani.

"Unazipeleka wapi?"

"Kwenye kikao."

"Barabara ikitengenezwa tutakula nini, baba watoto?"

"Sijui."

"Wenye magari wana midomo. Waache waseme wenyewe."

"Na mimi nina pikapu, mama. Nakatwa kila nikijaza mafuta."

Dada alinuna, na simlaumu. Watoto watatu walikuwa wakisomeshwa na mashimo yale.

Asubuhi shemeji alizipanga mbele ya meza ya mhandisi, vipande sitini na kitu, vyote vimevunjika baada ya huo ukarabati wa kwenye faili. Mhandisi aliinama akavisoma kimoja kimoja, mpaka shati likamganda mgongoni.

"Naomba niondoke navyo," alisema.

Lami ilitufikia mwezi uliopita, na ni lami kweli, si ya kupaka rangi. Gereji imepoa. Wiki nzima shemeji amepata gari moja tu, nalo liligonga ukuta. Jana nilimkuta amekaa juu ya ndoo, anatazama magari yakipita bila hata kupunguza mwendo. Roho iliniuma. Nikamuuliza kama anajuta.

"Najuta sana, shemeji," alisema. "Lakini barabara hii niliilipia."

Akaniomba nimshikie ngazi, apande kung'oa kibao cha gereji.