Yuko Upande Gani wa Mto Leo?

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa bado binti mwenye mdomo mwingi, hapa hapa mtaani Kabondo. Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya hospitali ya uzazi: mama akipoteza damu, muuguzi abonyeze, aone majina ya watu wa kumtolea damu, awapigie. Msimu wa mvua uliopita walimpoteza mama mmoja huku muuguzi akihangaika na simu. Sasa mvua zilikuwa zinakaribia tena.

Kila Ijumaa tulimwonyesha mkunga mkuu, Mama Zaina, kazi ilipofikia. Siku hiyo akaitazama, akaguna.

“Bon, iko muzuri. Lakini huyu mutu iko Lubunga, ng'ambo ya mto. Mvua ikipiga, atavuka na nini? Na huyu kila mara iko safarini, njia ya Ubundu. Miye nataka kujua kila mutu iko wapi leo.”

Nikawaka! “Mama, mbona hukusema tangu mwanzo?”

“Mwanzo sikuiona bado. Leo ndio nimeiona.”

Papa Ramazani, kiongozi wetu, hakupandisha sauti. Akaniuliza tu, “Binti, unamujengea nani?” Kisha akasema hili jipya linaingia, donc kingine kitoke, maana siku haziongezeki. Kilichotoka ni ukurasa wangu wa michoro ya rangi. Wee! Iliniuma hata nikaiacha pondu yangu, mboga ya majani ya muhogo, ikapoa sahanini. Lakini nilikaa nikaandika: kila asubuhi programu inawatumia watoa damu ujumbe, nao wanajibu wako upande gani wa mto.

Mvua zilipoanza, mchana mmoja mto ulichafuka, mitumbwi yote ikafungwa, na mama mmoja akawa anavuja damu. Mama Zaina akabonyeza. Yakatokea majina ya upande wetu tu. Mtu wa kwanza kupigiwa akafika ameloa chapachapa, akanyoosha mkono atolewe damu.

Jioni simu yangu ikalia, ni Mama Zaina: “Binti, mama na mutoto, wote wazima!” Nilipiga vigelegele barabarani mpaka wenye toleka wakasimamisha baiskeli zao za abiria.

Basi nisikilize, wewe unayenuna kila mteja akibadilisha maneno. Mwonyeshe kazi mapema, ingali mbichi, umwache aseme. Akileta jipya, usimfokee, wala usijitwishe yote. Kaeni pamoja mwamue lipi litangulie na lipi litoke. Likitoka lako ulilolipenda, lia kidogo, halafu urudi kazini.

Mungu akupe masikio mapana na mikono myepesi, mwanangu, na kazi yako imrudishe mtu nyumbani kwake akiwa hai.