Gunia la Viazi Nyuma ya Karavani

Nasema wazi tangu mwanzo: shemeji yangu Douwe simpendi. Nimejaribu kumpenda kwa miaka arobaini na miwili, tangu siku alipomuoa dada yangu Hinke katika kanisa la kijiji chetu huku Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, na sikufaulu. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Hinke, mshona mapazia, mwanamke asiyepandisha sauti, na ya karavani aliyoipangusa vumbi na kuipangia vyombo kila kiangazi bila kuruhusiwa hata siku moja kuikokota.

Kwetu, ikifika Julai, mtaa mzima hufunga nyumba hizo za magurudumu nyuma ya magari na kushika njia ya Ufaransa kutafuta jua. Mume ndiye dereva. Mke hushika ramani na kumenya mayai. Wakifika kambini, mke hushuka akasimama nyuma na kupunga mikono, huku mume akirudi kinyumenyume na kumfokea dirishani kwamba anapunga vibaya. Wanawake wa mtaani kwetu wamefokewa hivyo mpaka wanaona ni sehemu ya likizo.

Miaka ishirini na saba iliyopita, kwenye mteremko wa milima ya Ardeni kule Ubelgiji, karavani ya Douwe ilianza kuyumba, ikalivuta gari, vyote viwili vikalala ubavu mtaroni. Mtoto wao wa pekee, Wiebren, alikuwa na miaka tisa. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mara mbili na mpaka leo anachechemea. Gari la wagonjwa lilikuwa halijafika, na Douwe alikuwa amekwisha kumpata mkosaji. Alisema Hinke alikuwa akimmiminia kahawa, akamgusa kiwiko. Basi, kiwiko hicho kikasimuliwa hospitalini, kikasimuliwa kanisani, kikasimuliwa kila sikukuu ya kuzaliwa, watu wameketi duara na keki mapajani.

"Kahawa amimine mtu mwingine," Douwe husema. "Hinke akimimina, watu wanavunjika miguu."

Watu hucheka. Dada yangu naye hucheka, kisha huenda jikoni. Mara ngapi nimemfuata nikamkuta amesimama tu mbele ya sinki, maji yanamwagika? Aliamini. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kejeli zenyewe. Kwa miaka ishirini na saba alimtazama mwanawe akipanda ngazi, na kila ngazi aliihesabu kuwa dhambi yake.

Mwaka jana macho ya Douwe yaliharibika. Doa lilimwingia katikati ya kila anachokitazama, na daktari akamwambia asishike usukani tena. Jumapili iliyofuata tulikuwa tukila supu ya njegere nyumbani kwao, mimi, wao wawili na Wiebren. Hinke akasema, polepole kama kawaida yake, kwamba angependa kujifunza kuikokota karavani, na kiangazi kikifika awachukue wajukuu wake wawili.

Wiebren aliweka kijiko chini. "Mama, nakupenda. Lakini iuze tu. Wanangu hawapandi gari unaloliendesha wewe na lile dude nyuma. Mguu wangu mmoja unatosha."

"Sawa, mwanangu," Hinke akasema.

Douwe aliendelea kula. Nakumbuka vizuri kwamba aliomba mkate.

Kesho yake Hinke alijiandikisha mafunzo. Jumamosi nane, katika uwanja mtupu wa maonyesho ya ng'ombe, chini ya mwalimu aitwaye Roelie, mama mnene aliyewahi kuendesha lori la maziwa. Nilikuwa nampeleka mimi, nakaa garini na sweta langu la kufuma. Nilimwona dada yangu akijifunza kuchukua kona kwa upana ili gurudumu la nyuma lisipande ukingo. Nilimwona akirudi kinyumenyume, mkono umeshika usukani kwa chini, mkono ukienda kushoto na mkia wa karavani unaenda kushoto. Siku ya kwanza aliangusha vigingi vyote. Siku ya sita hakuangusha hata kimoja.

"Karavani haina akili," Roelie alikuwa akisema. "Inafuata mzigo wake. Kizito kikae chini, juu ya ekseli, pale penye magurudumu. Kabatini weka nguo. Kule nyuma kabisa usiweke kitu. Ukiweka kizito nyuma, pua inakuwa nyepesi, na mkia ndio unaoendesha gari."

"Na ikianza kuyumba?"

"Ondoa mguu kwenye mafuta. Usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze mwendo, usipigane na usukani. Ushike wima, usubiri. Hapo ndipo watu wanaposhindwa, mama. Kusubiri."

Hinke alisita, kisha akauliza, "Na mtu akimgusa dereva kiwiko?"

Roelie alimtazama kama aliyeulizwa kama kuku hunyonyesha. "Kiwiko? Gari litakwenda pembeni kidogo, utalirudisha. Mzigo ukiwa umekaa sawa, kiwiko hakipindui karavani."

Njia nzima ya kurudi nilimwachia nafasi aseme yeye. Tulipofika kwake akasema, "Labda nilimgusa kwa nguvu sana, Baukje." Nilitaka kulia kwa hasira. Mtu akikaa na lawama muda mrefu huifuga.

Julai ikafika. Wajukuu walibaki kwao, nami nikapanda kiti cha nyuma badala yao. Hinke alipakia karavani siku mbili. Maji, makopo na hema zito la kusimamisha mlangoni aliviweka chini juu ya ekseli, akavifunga kwa mikanda. Kisha akachukua mizani ya bafuni, akaiweka chini ya pua ya karavani na kipande cha ubao katikati. Kilo sabini, sawasawa na alivyofundishwa.

Douwe alisimama mlangoni akicheka. "Unaipima kama mtoto wa kliniki. Miaka thelathini nilikuwa mkuu wa upakiaji kiwandani, nimefundisha nusu ya mkoa huu kupanga mizigo, sijawahi kutumia mizani ya bafuni."

"Umefanya kazi nzuri," Hinke akasema. "Na viazi mwaka huu tutanunua hukohuko."

"Viazi vya Wafaransa ni maji matupu."

"Basi tutakula maji."

Tuliondoka asubuhi. Hinke alifunga ndoano, akavuta waya wa breki, akakagua taa, akarekebisha vile vioo virefu vya pembeni, kisha tukaenda sisi wawili kuwaaga majirani. Dakika kumi, si zaidi. Tuliporudi Douwe alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkanda umefungwa, uso wa malaika.

Mpaka Maastricht mambo yalikuwa mazuri, ila Hinke alinyamaza kupita kiasi. Tulipovuka mpaka kuingia Ubelgiji akasema, "Inacheza leo. Sijui kwa nini inacheza." Akapunguza mwendo. Douwe akasema ni upepo, na kwamba mwanamke akishika usukani husikia mambo. Nilimwambia asinichokoze mapema, safari bado ndefu.

Baada ya Liège barabara inapanda milima ya Ardeni, halafu inateremka mteremko mrefu wenye upepo wa ubavuni. Lori la magogo lilitupita kwa kasi. Nikahisi kiti changu kinasukumwa kulia, halafu kushoto, halafu kulia tena, kwa nguvu zaidi. Niligeuka nikaiona karavani yetu kwenye kioo cha nyuma, mara ipo, mara haipo. Sahani zilikuwa zikivunjika ndani yake.

"Kanyaga breki," Douwe akasema. "Hinke, breki." Kisha akanyoosha mkono kuushika usukani.

"Toa mkono," dada yangu akasema.

Hakupaza sauti hata hapo. Mguu aliuondoa kwenye mafuta, mikono miwili ikashika usukani wima, macho mbele. Akasubiri. Nilihesabu mara tano mkia ulivyotupiga huku na huku, na kila mara nilimwona Wiebren wa miaka tisa mtaroni. Mara ya sita ilikuwa ndogo. Mara ya saba sikuihisi. Hinke akawasha taa ya kulia, akakanyaga breki kidogokidogo, akaingia kwenye maegesho yenye meza za mawe, akazima gari.

Alishuka. Akateremsha gurudumu dogo la mbele, akafungua ndoano, akaishika pua ya karavani kwa mkono mmoja. Ikanyanyuka. Kwa mkono mmoja, mwanamke wa miaka sitini na mitano. Akaizunguka, akafungua kijilango cha nyuma kabisa.

Kulikuwa na magunia mawili ya viazi, ya kilo ishirini na tano kila moja. Kreti mbili za bia. Na lile hema zito, lililofunguliwa mikanda na kuhamishwa kutoka pale alipolifunga mwenyewe. Haya yote kayafanya mtu asiyeona uso wa mkewe, kwa kupapasa, katika dakika kumi. Kwa ubishi Mungu alimpa nguvu za punda.

Douwe alikuwa ameshuka, amesimama karibu yetu, mkono kwenye ukuta wa karavani.

"Hapa ndipo mahali pake," akasema. "Siku zote ndipo mahali pake."

Nilimwona Hinke akilisikia neno hilo. Alifuta mikono kwenye sketi.

"Mwaka ule pia?"

Douwe alisugua ukuta wa karavani kwa kiganja.

"Douwe. Mwaka ule wa mguu wa Wiebren. Vilikuwa hapa?"

"Vilikuwa hapo."

"Na ulijua kwamba ndivyo vilivyotupindua?"

Aligeuza uso kuelekea barabarani, ambako kwa hakika hakuona kitu. "Yule Mbelgiji aliyekuja kulivuta gari alifungua hapo nyuma. Akaniambia."

"Alikwambia lini?"

"Siku ileile."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu bwana ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na saba, na alipita kwa raha, akihudumiwa kahawa. Nilikuwa na kiazi mkononi, kikubwa, na nilikuwa na nia nacho. Hinke alininyang'anya, akakirudisha guniani.

"Kwa nini?" akamuuliza.

"Mimi ndiye nilikuwa nafundisha watu kupakia," Douwe akasema. "Ningewaambiaje kazini?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, maana mchungaji wetu husoma. Nilimwita mwoga, na hilo ndilo lililokuwa la adabu kuliko yote. Hinke alinisubiri nimalize, kisha akasema, "Njoo unisaidie, Baukje. Viazi havina kosa." Tukabeba hema, magunia na kreti mpaka katikati, sakafuni, tukavifunga kwa mikanda. Tukafagia vipande vya sahani. Akaipima pua upya kwa mizani yake, akarudisha ndoano, akavuta waya, akagonga kila gurudumu kwa kiatu. Douwe alikuwa amekwisha kurudi kitini mwake.

Hinke aliketi kwenye usukani. "Baukje, mpigie Wiebren. Baba yake ana neno."

"Tukifika kambini, mke wangu," Douwe akasema. "Tukishapumzika. Mambo haya si ya simu."

"Ni sasa. Au nakushusha hapahapa uoneshe Wabelgiji unavyopakia."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamshikia simu mdomoni.

"Wiebren? Ni baba."

"Mmefika? Mama yuko salama?"

"Salama. Wiebren, kuhusu mguu wako." Akaisogelea simu. "Haikuwa kahawa. Mama yako hakunigusa kwa kiasi hicho. Ulikuwa mzigo. Niliuweka nyuma. Nilijua."

Tulisikia redio ya kazini kwake, halafu mtu akaizima.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na mama?"

"Amejua leo. Sasa hivi."

Sauti ya Wiebren ilishuka chini sana.

"Baba, mimi nimemkatalia watoto."

"Najua."

"Ulikuwepo. Nilipomkatalia ulikuwa umekaa palepale, unakula."

"Nilikuwepo," Douwe akasema.

"Mpe mama simu."

Nilinyoosha mkono nimpe dada yangu. Gari lilikuwa tayari linanguruma. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu alikuwa akitazama kioo cha kushoto, akiacha malori mawili yapite.

"Mwambie mama anaendesha," akasema, akaliingiza gari barabarani.