Hongo ya Sufuria ya Mama

Jua la Oktoba hapa Tabora huingia uani saa mbili asubuhi kama shemeji aliyepita kusalimia tu, na hadi jioni hujui utamwambiaje aondoke. Mtu mwenye akili, msimu huo, hujilaza. Mimi nilikuwa nahamisha makopo.

Yalikuwa manane: makopo ya rangi, madumu yaliyokatwa shingo, beseni lililopasuka, na sufuria moja ya mama. Kila kimoja na ua lake. Asubuhi nilivipanga ukuta wa magharibi, saa sita navibeba kimoja kimoja hadi ukuta wa mashariki kufuata kivuli, kesho yake naanza upya. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Mimi nimebeba makopo kuzunguka nyumba, na mgongo unauma vilevile. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo sijamaliza kitu kingine, kwa hiyo kazi isiyo na mwisho ilinifaa.

Lililonitesa ni la kwenye sufuria. Mama alikuja kwangu Kitete, hapa mjini, kutoka kijijini Ipole alipoanza kwenda hospitali kila wiki. Alikuja na nguo zake, sufuria yake ndogo ya uji, na mche wa ua uliofungwa kwenye kitambaa kibichi. Ni lile ua la pinki lenye jicho jeusi katikati, tunaloliita la makaburini kwa sababu huko ndiko linakoota bila kumwomba mtu maji. Mama alifariki mwaka jana mvua zilipoanza. Kwenye kikao cha familia tukakubaliana kwamba mvua zikirudi tutakwenda Ipole kusimamisha msalaba. Mimi, ambaye mchango wangu ulikuwa mdogo, nikasema neno kubwa: ua la mama nitalilea mwenyewe, nije nilipande kichwani kwake. Hakuna aliyeniuliza. Lakini wote walisikia.

Mfuko wa plastiki nilimolipanda kwanza ulipochanika nikalihamishia kwenye sufuria. Kopo la rangi nalitoboa chini kwa msumari wa moto bila hata kufikiri. Sufuria nzima, ya mama, isiyovuja hata tone? Mkono ulikataa. Nikaweka kokoto chini nikajidanganya zinatosha. Kisha nikalimwagilia asubuhi na jioni. Maua mengine yalipata maji ya vyombo. Hili lilipata maji ya kunywa, hata siku ambazo bomba lilikuwa linakohoa tu. Mwisho wa Septemba majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Nikasema ni jua. Nikaongeza maji.

Siku moja ya Oktoba akaingia jirani yangu, Mgogo, mtani wangu wa kikabila.

"Hodi, mpagazi."

"Karibu, Mgogo. Leo umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuona msafara umefika wapi." Akayatazama makopo. "Wenzako walifika Bagamoyo. Wewe toka asubuhi umefika ukutani."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Aliinamia sufuria.

"Na hili la makaburini mbona liko mlangoni? Unajiandaa?"

"Nakuandalia wewe."

Akachovya kidole kwenye udongo, akakinusa. "Unapika supu humu?"

"Jua kali, mtani."

"Jua," akasema, kama mtu aliyesikia asiyehusika akiitwa mwizi. Akainua sufuria, akaiweka kiunoni. "Nachukua hongo yetu."

Siku hizi hongo ni neno la kunong'ona. Zamani lilitajwa kwa sauti: msafara uliotoka huku ukifika Ugogo haukugusa kisima kabla ya kulipa. Wagogo wanadai mpaka leo kwamba hatukumaliza. Na mtani akichukua chako mbele ya macho yako, hukasiriki. Ukikasirika, mtaa mzima utakula mwezi huo kwa kukucheka.

"Hiyo ni ya mama," nikasema.

"Najua ni ya nani. Nilimzika."

Ni kweli. Siku ya msiba, kama ilivyo desturi ya watani, alivaa kanga ya mama, akatembea akichechemea kama yeye, akitukemea kwa sauti yake tuongeze chumvi kwenye maharage, mpaka tukacheka huku kamasi zinatoka. Akaondoka na sufuria.

Nikabaki na makopo saba na uchovu wa manane. Kwake ni hatua thelathini, nami ni mtu wa ndani. Hatua thelathini kwangu ni safari ya kuaga watu. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa kulikuta limekufa. Nilikuwa naulizia kutoka upande wangu wa uzio tu.

"Hongo yangu inaendeleaje?"

"Imekula, imelala."

"Unaimwagilia?"

"Nikikumbuka."

Sikulala vizuri wiki tatu nzima. Ndugu walikuwa wameshaanza kuuliza habari za ua kwenye simu, na mimi nikijibu kuwa mtandao unakatika.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi ya safari mtani akasimama mlangoni na sufuria kiunoni. Mche ulikuwa na maua kumi na moja. Niliyahesabu mara mbili. Maganda ya karanga yametandazwa juu ya udongo. Nilipoipokea, mchanga mbichi ukanidondokea kwenye kiatu. Nikainua nikachungulia chini. Matundu matano.

"Umetoboa sufuria ya mama."

"Nimetoboa. Wewe ungetoboa?"

"Nisingetoboa."

"Haya. Nenda, utaachwa na gari."

Ipole tulilipanda kabla saruji ya msalaba haijakauka. Niliminya udongo kwa viganja. Dada yangu mkubwa akaiokota sufuria tupu, akaigeuza kwenye mwanga.

"Ulikuwa unapika nini humu mpaka ikawa hivi?"

"Ilipita Ugogo," nikamwambia.

Akanirudishia. Nilikuwa nimekata kijiti kimoja cha ua lile, nikakifunga kwenye kitambaa kibichi. Sasa kimo ndani ya sufuria hiyo, uani, na nakimwagilia nikikumbuka. Maji yanapita moja kwa moja, yananilowesha miguu.